Kuweka Ubuntu kando ya Windows: kazi kubwa iko kabla ya flashi

Ubuntu ni mfumo endeshi wa Linux, na unaweza kukaa na Windows kwenye kompyuta moja. Windows itangulie, Ubuntu ifuate. Ukizipindua, Windows itashika uwashaji wa kompyuta na Ubuntu hutaiona mpaka uirekebishe.

Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha angalia BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba data za diski. Laptopu nyingi za Windows 11 hufungwa nayo bila mwenyewe kujua, na ukigusa mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayowasha kompyuta) inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Uandike kwenye karatasi kabla hujafanya lolote. Tafadhali usiruke hatua hii: bila namba hizo hakuna fundi atakayekutolea data zako.

Zima pia Fast Startup, iko kwenye Power Options. Ikiwashwa, Windows haizimiki kabisa, inalala huku imeshikilia diski, na Ubuntu itasoma mafaili yaliyomo lakini itakatazwa kuandika.

Nafasi ikate ukiwa ndani ya Windows, kwa Disk Management: bofya diski C kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Shrink Volume. Ubuntu inataka angalau GB 25. Anayejifunza kuandika programu ajipe 60. Kipande hicho kiache kitupu. Ukiona diski ina nafasi tele lakini Windows inakupa GB chache tu, kuna mafaili ya mfumo yasiyohamishika yaliyokaa katikati. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off, washa upya, jaribu tena.

Flashi ya kuwekea kisakinishi cha Ubuntu, ya GB 8 inatosha, na kila kilichomo kitafutika. Kwenye Rufus, programu ya kuandaa flashi hiyo, chagua GPT (mpangilio wa patisheni) na UEFI (njia ya kisasa ya kuwasha kompyuta). Wakati wa kuweka, patisheni ya EFI usiifomati kamwe, maana mifumo yote miwili huwakia hapo.

Ubuntu isipoiona diski kabisa, mara nyingi BIOS iko kwenye RST badala ya AHCI, ambazo ni njia mbili za kuendesha diski. Usibadilishe ghafla, Windows itagoma kuwaka. Iagize Windows kwanza kupitia msconfig, programu yake ya mipangilio ya kuwaka, iwake kwa Safe Boot (hali salama), ndipo ubadilishe BIOS. Ikishawaka salama, ondoa agizo hilo.

Baada ya hapo, Afrika Mashariki, utakuta saa ya Windows imerudi nyuma saa 3 kila utokapo Ubuntu. Betri ya saa haina kosa: Ubuntu huhifadhi saa ya UTC (saa ya kimataifa), Windows ya hapa tulipo. Kwenye terminali ya Ubuntu andika timedatectl set-local-rtc 1.