Ufa, mstari au tuta? Maneno ya ramani ya mwezi wa barafu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa Malindi. Wanafunzi wangu wanatengeneza bango la Kiswahili kuhusu Europa, ule mwezi wa barafu unaoizunguka sayari ya Mshtarii. Wameweka karatasi nyembamba juu ya picha zilizopigwa na vyombo vya angani, na wanafuatisha kwa penseli wanachokiona ili wapate ramani. Tumekwama kwenye maneno. Zile alama nyeusi zinazopita huku na huku tuziite nyufa, michirizi, mistari au matuta? Mwenzangu mmoja ameandika "mwezi wa theluji" na "picha za azimio la juu". Mwingine anasema "miezi ya Mshtarii" itasomeka kama Januari na Februari, hivyo tuandike "satelaiti". Tafadhali tuamulie.

JIBU: Mwalimu, nianze na zile alama nyeusi, maana hapo ndipo penye kazi. Haya mengine nitayapitia baadaye.

Maneno manne uliyoyataja hayabebi mzigo mmoja. Ufa unasema kitu kilikuwa kizima kikaachana. Mchirizi umetokana na kuchirizika, kwa hiyo unasema kuna majimaji yaliyopita hapo, kama jasho shingoni au mvua ukutani. Tuta linasema mahali pameinuka. Mstari hausemi lolote ila kwamba jicho limeona kitu chembamba na kirefu. Sasa mtu anayechora ramani kutoka kwenye picha hajawahi kusimama mahali pale wala kupagusa. Akiandika "mstari" ametoa ushahidi wa alichokiona. Akiandika "ufa" amekwisha kutoa hukumu, na akiandika "mchirizi" ametoa hukumu nyingine tofauti kabisa, tena bila kujua kwamba amehukumu.

Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ambao ndio unaopitisha majina ya mahali kwenye sayari na miezi, unaziita alama hizo kwa neno la Kilatini linea, yaani mstari tu. Maneno ya namna hiyo hutaja umbo, hayataji chanzo. Nafurahi kuona Kiswahili kina neno linalokaa pale pale bila kulazimishwa.

Busara ya neno hilo inaonekana ukifuata picha zenyewe. Mwaka 1979 vyombo viwili vya Voyager vilipita karibu na Mshtarii. Katika picha bora za Europa za safari ile, pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ilikuwa na upana wa kilomita 2 hivi. Kilichoonekana ni duara jeupe lililochorwachorwa mistari, basi. Kisha chombo cha Galileo kikaizunguka Mshtarii tangu Desemba 1995 hadi Septemba 2003, na katika sehemu chache kikapiga picha ambazo pikseli moja ni mita 6 hivi. Hapo mstari mmoja wa Voyager ukageuka kuwa matuta mawili yanayokwenda sambamba, na katikati yake mfereji. Mengine yana kimo cha mita 100 na zaidi, na huendelea hivyo kwa mamia ya kilomita. Aliyeandika "ufa" mwaka 1979 hakukosea kabisa, kwa sababu wanasayansi wengi wanaona matuta hayo yalianza kwa ufa, lakini kinachoonekana leo ni kitu kilichoinuka. Sisi husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko ufa haukuzibwa, na barafu yenyewe ikajenga kuta mbili.

Kwa hiyo kwenye ufunguo wa ramani yenu ningependa muwe na neno la jumla na maneno ya ndani yake. La jumla ni mstari. Palipo na matuta mawili sambamba, andikeni matuta pacha. Palipopasuka bila kuinuka, hapo ndipo ufa unapostahili, na wingi wake ni nyufa. Msiandike mwanya. Mwanya ni nafasi iliyo wazi kati ya vitu viwili, kama ule wa meno ya mbele, nao hauhitaji kitu kupasuka. Kuna na mistari mingine inayoinama ikaunda tao, kisha tao jingine, kama kamba ya kuanikia nguo inavyolegea kati ya nguzo na nguzo. Hiyo iiteni mistari ya matao.

Kuna aina moja zaidi ambayo wanafunzi wa Kenya wataielewa upesi. Mahali pengine barafu iliachana pande mbili, na nafasi iliyopatikana ikajaa barafu mpya kutoka chini. Ukikata picha ukaondoa ile sehemu mpya, kingo mbili hukutana kama vipande vya sahani iliyovunjika. Mtoto akisikia "ufa" kwa maana hiyo, mawazo yake yatakwenda Bonde la Ufa, na atakuwa na haki, kwa sababu kule nako pande mbili zinaachana. Tofauti ni kwamba Bonde la Ufa limebonyea, na huku pamejazwa. Mimi huchagua mkanda, kwa sababu ndivyo panavyoonekana pichani: upande mmoja barafu ya zamani, upande wa pili barafu ya zamani, na mkanda wa rangi nyingine umepita katikati.

Hapo linakuja suala la weusi, na ningeomba mlitulie. Umeandika "alama nyeusi". Nyeusi kwa rangi, au nyeusi kwa kivuli? Wapeleke wanafunzi ufuoni asubuhi mapema, maji yakiwa yamepwa na jua ndiyo kwanza linatoka baharini. Wachutame watazame vile vijituta vya mchanga vilivyoachwa na maji. Kila kijituta kitakuwa na upande wa baharini unaong'aa, na upande wa bara wenye kivuli, hata unyayo wa ndege utauona una kina. Warudi pale siku nyingine ambayo maji yamepwa saa sita mchana. Mchanga ni ule ule, lakini jua li utosini na kila kitu kimekuwa bapa na cheupe. Kitakachobaki kuonekana ni tofauti za rangi tu: mwani hapa, mchanga mweusi pale.

Picha za Europa ni hivyo hivyo. Zilizopigwa jua likiwa chini huonyesha sura ya nchi, kwa kuwa vivuli ni virefu, na ukijua urefu wa kivuli na jua limeinuka kiasi gani, kimo cha tuta hupatikana kwa hesabu ya pembetatu. Zilizopigwa jua likiwa juu huonyesha rangi, na mistari mingi ya Europa ina rangi ya kahawia yenye wekundu ambayo watafiti wengi huihusisha na chumvi. Basi tenganisheni: palipo giza kwa sababu ya mwanga kukosekana andikeni kivuli, palipo giza kwa asili yake andikeni doa au rangi nyeusi. Na pembeni mwa ramani chora mshale unaoonyesha jua linatoka wapi. Bila mshale huo jicho hudanganyika vibaya sana. Geuza picha juu chini utaona matuta yamekuwa mifereji na mashimo yamekuwa vilima, nayo ni picha ile ile moja.

Hukuuliza kuhusu nguvu inayoipasua barafu ile, lakini bango litahitaji kulitaja, na hapa watu wa pwani tuna neno ambalo wengine wanalitafuta. Europa huizunguka Mshtarii kwa siku 3 na nusu hivi, katika njia ambayo si duara kamili. Ikiwa karibu huvutwa zaidi, ikiwa mbali huvutwa kidogo, na umbo lake hunyooshwa na kulegezwa kila mzunguko. Ikiwa chini ya barafu kuna bahari, kama ushahidi mwingi unavyoonyesha, basi uso wake hupanda na kushuka kiasi cha mita 30. Nimeona watu wakiandika "nguvu za mawimbi". Wimbi ni kitu kingine. Hili ni kupwa na kujaa, ila kinachopwa na kujaa ni barafu pamoja na maji yaliyo chini yake. Lisemeni hivyo hivyo, "kupwa na kujaa kwa barafu", na mtoto wa mvuvi ataelewa kabla hujamaliza sentensi. Bamvua lakini msiliazime. Bamvua tunaipata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa sababu jua na mwezi vimepangana na Dunia. Huko Europa anayevuta ni Mshtarii, na kujaa kwake kunafuata umbali.

Mkifika lile eneo liitwalo Conamara Chaos, jina la mahali liacheni lilivyo, lakini maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili. Kwa kuwa chaos ni vurugu, kishawishi kitakuwa kuandika "eneo la vurugu". Katika Kenya hii maneno hayo yameshachukuliwa na habari za fujo na polisi, na msomaji hatawaza barafu. Tumieni kitenzi: eneo lililovurugika. Kama wanafunzi wanataka kuliona kwa macho, waende penye wachuuzi wa samaki wakaangalie sanduku la barafu la jana. Bonge lilipigwa likavunjika vipande, vipande vikaelea katika maji yake yenyewe, kisha usiku vikagandana tena. Kipande kimoja kina upande ulionyooka wa bonge la zamani, lakini sasa kimelala mshazari, na jirani yake amegeukia kwingine, na kati yao pana barafu chafu yenye magamba. Conamara iko hivyo. Vipande vyake bado vina matuta ya zamani juu yake, na watafiti wameweza kuvirudisha mahali pake kwa kufuata mistari iliyokatika.

Sasa haya mengine, kwa haraka.

Theluji hapana. Theluji huanguka kutoka mawinguni. Uso wa Europa ni barafu, tena barafu ngumu kama mwamba, kwa sababu hata kwenye ikweta yake joto huwa karibu nyuzi 160 chini ya sifuri.

Azimio hapana kabisa. Azimio ni jambo lililokatwa na kikao, na hakuna kikao ndani ya picha. Semeni picha kali, au bora zaidi semeni kipimo: "kila pikseli ni mita 200". Kipimo kinamwambia msomaji kitu, "ya juu" haimwambii.

Kasoko nalikubali kwa mashimo ya mviringo yaliyopigwa na vimondo, ingawa vitabu vya shule vimelizoesha kwa volkano, kwa kuwa linataja umbo. Kwenye Europa ni chache, na ndiyo sababu uso wake unakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 40 hadi 90 tu. Msiisahau ile ndogo iitwayo Cilix: kwa makubaliano imepewa longitudo 182 magharibi, na mahali pengine pote kwenye ramani huhesabiwa kutoka hapo.

Kuhusu miezi, mwenzako ana wasiwasi wa bure. Kiswahili kimeishi na mwezi wa angani na mwezi wa kalenda tangu hapo, na kitenzi ndicho kinachotenganisha. "Miezi minne imepita" hakuna anayetazama juu. Andikeni "miezi inayoizunguka Mshtarii", na hatatokea mtu wa kuhesabu Februari. Satelaiti ningeiachia vitu vilivyoundwa na watu, na Malindi ina sababu ya pekee ya kulilinda neno hilo. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa satelaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru. Neno letu limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima tangu siku ile. Mwanafunzi wa hapa akisikia satelaiti, na awaze hiyo kwanza.

Limebaki moja ambalo naona kwenye nakala ya ramani uliyoniletea. Wanafunzi wameacha sehemu kubwa nyeupe na kuandika "patupu". Antena kuu ya Galileo, iliyokuwa imekunjwa kama mwavuli, haikufunguka sawasawa mwaka 1991, kwa hiyo picha zilitumwa Dunia kidogo kidogo kupitia antena ndogo, na sehemu nyingi hazikupigwa kwa karibu. Patupu ni mahali pasipo na kitu. Hapo pana kitu, ila hakijaonekana vizuri. Futeni, muandike "hapajapigwa picha ya karibu", na andikeni kwa penseli, kwa sababu chombo cha Europa Clipper kiliondoka Duniani tarehe 14 Oktoba 2024, kinatarajiwa kufika kwenye Mshtarii Aprili 2030, na kimepangiwa kuipita Europa mara 49.