Barua pepe ya shule imefunguliwa kwa namba ya kijana wa steshenari

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi wilayani Kongwa, nakaribia kustaafu na mambo ya mtandao ndiyo kwanza najifunza. Kijana wa steshenari alinifungulia barua pepe ya shule kwa namba yake, maana simu yangu ilikuwa imezima chaji. Sasa anataka kuniwekea WhatsApp nyingine "yenye nguvu", inayoonyesha hata ujumbe uliofutwa, ili nisimamie kundi la wazazi. Pia nataka kuendesha kikao cha kamati kwa video. Nianze na lipi?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Kikao cha video ni jambo dogo, tutalifikia. Leo hii rudi kwa huyo kijana ukiwa na simu yenye chaji, uichukue barua pepe ya shule.

Swali hili linanifikia kila mara, kutoka Bahi, Chamwino, Mpwapwa na hapa Dodoma mjini, na kosa ni lile lile: watu wanadhani mwenye akaunti ni anayejua nywila. Sivyo. Mwenye akaunti ni yule ambaye namba yake imewekwa kuwa namba ya kurejesha. Kijana huyo akibonyeza tu kwamba amesahau nywila, tarakimu za uthibitisho zinaingia kwenye simu yake, anaweka nywila mpya, na wewe unabaki nje ukibisha hodi kwenye ofisi yako mwenyewe. Huenda ni mwaminifu kabisa. Lakini akipoteza laini, au akihamia Dar es Salaam na kubadili namba, siku utakayosahau nywila huna pa kupitia. Kuna shule moja mkoani hapa iliniita ikiwa imeshafika hapo. Aliyewafungulia akaunti hakupatikana tena, na barua zao za miaka kadhaa zikaishia humo.

Muhuri wa shule huwezi kumwachia mwenye duka akalala nao. Barua pepe ni muhuri, Mwalimu. Ingia sehemu ya usalama ya akaunti, weka namba yako, ondoa ya kwake, badilisha nywila kwa mkono wako mwenyewe, kisha toa vifaa vyote usivyovitambua. Vizuri zaidi shule iwe na laini yake. Siku ya kuhama au kustaafu, akaunti hizo ziandikwe kwenye hati ya makabidhiano pamoja na funguo. Na tafadhali usiniambie kwamba umri umekwenda. Mtu aliyesimamia mahudhurio na hesabu za shule nzima hashindwi kubadilisha nywila. Wanaowaambia walimu kwamba mambo haya ni ya vijana ndio wanaoishia kushika funguo zao.

Hiyo WhatsApp "yenye nguvu" ikatae. Najua anachokizungumzia: ni programu iliyochokonolewa na watu wasiojulikana, haipatikani Play Store, na mafundi wanarushiana kutoka simu hadi simu. WhatsApp wenyewe hufungia namba zinazoitumia. Kibaya zaidi, ujumbe wote wa wazazi unapita ndani ya programu ambayo hata fundi anayekuwekea hajui imeandikwa nini. Ile ya kawaida inakutosha: kundi moja hubeba hadi watu 1,024, na kuna mpangilio wa kuruhusu wasimamizi pekee kuandika, kwa hiyo tangazo lako halimezwi na salamu za asubuhi. Weka wasimamizi wawili au watatu. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani PIN ya siri unayojiwekea mwenyewe, na tarakimu 6 zinazokuja kwa ujumbe usimpe yeyote, hata akijiita afisa elimu. Ujumbe wa kitapeli utume 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Wazazi wenye kitochi wapelekee ujumbe wa kawaida wa simu, kundi halijawafikia.

Kikao: Google Meet ya bure inakupa dakika 60 mkiwa zaidi ya wawili, Zoom dakika 40. Fanyeni jaribio siku moja kabla.

Sasa niseme na walimu wote, maana steshenari zetu zimegeuka ofisi za shule. Unafungua WhatsApp yako kwenye kompyuta ya duka ili uchapishe barua, unalipa, unaondoka. Ile kompyuta haijakuacha. Ukiendelea kutumia simu yako kama kawaida, inaweza kubaki imeunganishwa, na ajaye baada yako anasoma kila kitu. Kwenye WhatsApp ya simu yako fungua "Vifaa vilivyounganishwa" uone kuna nini, na usichokitambua ukiondoe. Nimekuta simu ya mwalimu imeunganishwa na kompyuta za maduka matatu. Halafu kuna majina ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa, alama zao, namba za wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 2023, na imeziweka taarifa za watoto kwenye taarifa nyeti. Orodha hizo zimejaa kwenye kompyuta za maduka kuanzia Majengo hadi Kibaigwa, zikionwa na kila anayekuja kutoa kopi. Ukichapisha, simama hapo hapo mpaka faili lifutwe, na kapu la taka la kompyuta limwagwe ukiliona kwa macho yako.