Mkuki na ngao Siku ya Mashujaa

Je, Siku ya Mashujaa hapa Tanzania, Mkuu wa Majeshi ndiye anayeweka mkuki na ngao kwenye mnara wa kumbukumbu? Hapana, si yeye. Mkuki na ngao huwekwa na Rais, au kiongozi anayemwakilisha. Mkuu wa Majeshi huweka sime. Kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua, meya upinde na mshale, na wazee wetu waliopigana vita wanaweka shoka.

Nilisimama pale Viwanja vya Mashujaa hapa Dodoma tarehe 25 Julai 2016, mwaka ule Magufuli alipozungumzia serikali kuhamia huku. Tarumbeta ikilia, hata wauza karanga wananyamaza.

Ila tusichanganye: pale Dodoma ni mnara wa kumbukumbu tu. Makaburi ya waliokufa vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, yapo Kaboya, Muleba. Na siku hiyo kazini mnaenda, si sikukuu ya mapumziko.