Maswali ya Wasomaji: Waliwatoaje Watoto Chini ya Macho ya Askari?

Swali: Ndugu Mhariri, nasikia watu wa kawaida waliwaokoa watoto wa Kiyahudi wakati wa utawala wa Wanazi. Waliwezaje ilhali askari walikuwa kila mahali?

Jibu: Ndugu msomaji, mbinu zilikuwa nyingi, lakini naomba nieleze ile ya Amsterdam, mji wa Uholanzi uliokuwa umetekwa na Wanazi. Mwaka 1943 Wayahudi walizuiliwa katika jumba la maonyesho la Hollandsche Schouwburg wakisubiri kupelekwa kambini, huku watoto wao wadogo wakiwekwa katika kituo cha malezi kilichokuwa ng'ambo ya barabara. Tramu ilipopita katikati na kumziba macho askari wa zamu, mlezi alitoka na mtoto na kutembea sambamba nayo hadi alipofika mbali. Wengine walipitishwa juu ya ua hadi chuo jirani cha ualimu kilichoongozwa na Johan van Hulst, kisha wakatolewa humo ndani ya magunia na vikapu. Walter Süskind, Myahudi aliyesimamia orodha ya waliozuiliwa, alihakikisha majina yao yanafutwa, nao wanafunzi wa vyuo vikuu wakawasindikiza kwa treni hadi kwa familia za mikoa ya Friesland na Limburg. Watoto wapatao 600 waliokolewa hivyo.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba wazazi waliombwa ridhaa kwanza, na wako waliokataa kwa kutotaka kutengana na wana wao, nani awalaumu? Henriëtte Pimentel, mkuu wa kituo hicho, naye Myahudi, aliuawa katika kambi ya mauaji ya Auschwitz mwaka huohuo wa 1943.