Nimeokoka ila bado naapa "haki ya Mungu sipati hata mia"

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mama. Mi ni winga hapa Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kazi yangu kumvuta mteja namleta dukani, duka linataka labda laki na themanini kwa simu mi namtajia laki mbili na nusu, cha juu ndo changu. Nimeokoka mwaka jana. Shida mteja akiuliza hii orijino nasema orijino kabisa hata kama ni kopi, akibana bei naapa haki ya Mungu hapo sipati hata mia. Jioni kwenye mwendokasi narudi Kimara natubu mpaka machozi, asubuhi nayarudia yale yale. Wenzangu wa maombi wanasema niache uwinga, ila nina kodi, mke na mtoto. Hivi kweli nimeokoka?

JIBU: Amen mwanangu. Nikuulize, kabla hujaokoka ulikuwa unalia kwenye mwendokasi? Nadhani ulikuwa unahesabu cha juu chako unasinzia. Paulo mwenyewe kwenye Warumi 7 analalamika kwamba jema analolipenda halitendi, baya asilolipenda ndo analitenda, na huyo ni mtume.

Uwinga wenyewe mi sioni dhambi yake. Umezunguka na mtu juani, umempeleka duka lenye mzigo, miguu yako inalipwa. Watoza ushuru walipoenda kubatizwa wakamuuliza Yohana tufanyeje, hakuwaambia acheni kazi, kawaambia msitoze zaidi ya mlivyoamriwa, soma Luka 3. Kwahiyo wenzako wa maombi wamekimbilia mbali, kinachokuua ni hicho kiapo na hilo neno orijino, basi.

Anza na kiapo. Mathayo 5 Yesu kakataza kuapa kabisa, ndiyo yako iwe ndiyo, siyo iwe siyo. Mteja akibana sema tu "bosi, hapo na mimi nna changu kidogo, sishuki tena", kwani nani anaingia Kariakoo hajui winga ana cha juu? Tena mteja naye si malaika, Mithali 20:14 inamsema mnunuzi anayeponda mali, haifai hii haifai, akishaondoka anajisifu. Biblia inalijua soko jamani!

La orijino ni gumu zaidi maana hapo kuna mtu anaumia, mi mwenyewe nilishauziwa chaja "orijino" siku ya tatu ikaanza kunuka moshi. Sema "hii kopi mama, orijino ipo ila bei yake imesimama". Utakosa wateja, mwanzoni hata wengi, na sikudanganyi kwamba ikifika Ijumaa Mungu atakuwa amekurudishia mara mbili, andiko hilo sina. Mwambie mkeo mapema kwamba hela inaweza kupungua, asije akadhani umepata mchepuko.

Na hiyo toba ya kwenye basi iongezee kitu. Zakayo kwenye Luka 19 alisema kama amemdhulumu mtu anamrudishia mara nne. Wewe mara nne huna, najua. Ila kwenye simu yako hakosekani mteja mmoja ambaye namba yake uliisevu, yule uliyempa kopi kwa bei ya orijino. Mpigie.