Maswali ya Wasomaji: Kwa nini Washington haikutarajia anguko la Nimeiri?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Jenerali Jaafar Nimeiri wa Sudan alipinduliwa Aprili 1985, siku chache tu baada ya kupokewa na Rais Reagan. Marekani ilikuwa na ubalozi, majasusi na wataalamu mjini Khartoum. Iliwezekanaje wamkumbatie mtu ambaye alikuwa ukingoni? Msomaji wako, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, dalili hazikufichika: vita vilikuwa vimerudi kusini tangu 1983, njaa ilikuwa imetanda magharibi na mashariki, deni la nje halilipiki, na Januari 1985 Nimeiri alimnyonga hadharani mwanazuoni mzee Mahmoud Mohamed Taha. Tatizo ni kwamba alikuwa ameponea mengi. Mwaka 1971 alipinduliwa, na siku tatu baadaye akarudi madarakani. Mwaka 1976 akanusurika shambulio lililoandaliwa Libya. Kwa hiyo kila msukosuko mpya ulichukuliwa kuwa mmoja zaidi ambao angeuvuka.

Tena Marekani ilimhitaji mno. Alisimama na Misri baada ya makubaliano ya Camp David kati yake na Israel, wakati nchi nyingi za Kiarabu zilipoisusa, na nchi yake ilipakana na Libya ya Gaddafi na Ethiopia ya Mengistu, mahasimu wawili wa Marekani. Ndiyo maana Sudan ilipokea msaada mkubwa wa Marekani kuliko nchi nyingine yoyote ya kusini mwa Sahara. Ni vigumu kumpima kwa haki mtu unayemhitaji kiasi hicho.

Lakini kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, lilikuwa kumhesabu Nimeiri na jeshi lake kuwa kitu kimoja. Machi 1985, kwa shinikizo la wafadhili na Shirika la Fedha la Kimataifa, serikali ilipandisha bei ya mkate na mafuta. Nimeiri akasafiri kwenda Washington huku maandamano yakianza. Madaktari wakagoma, wakafuatwa na wanasheria, wahandisi na wafanyakazi wa benki, mpaka Khartoum ikasimama. Maofisa walipotakiwa kuchagua kati ya kuwafyatulia risasi watu hao na kumtosa mkuu wao, walimtosa. Aliyetangaza mapinduzi tarehe 6 Aprili hakuwa mwasi kutoka msituni: alikuwa Jenerali Abdel Rahman Swar al-Dahab, waziri wa ulinzi aliyeteuliwa na Nimeiri mwenyewe mwezi uliotangulia. Nimeiri alikuwa Cairo, njiani kurejea nyumbani.

Linalosikitisha ni kwamba mfano ulikuwepo, tena katika mitaa ileile. Oktoba 1964 Jenerali Ibrahim Abboud aliangushwa kwa mgomo wa jumla wa wasomi na wafanyakazi, baada ya jeshi kusitasita kumwaga damu kwa ajili yake. Mtaalamu aliyejua historia hiyo angefuatilia vyama vya madaktari na mawakili kwa makini yaleyale aliyofuatilia vikosi vya vifaru. Washington iliwekeza kwa mtu mmoja, na watawala wapya hawakukawia kurejesha uhusiano na Libya, jirani yuleyule ambaye msaada wote ule ulikusudiwa kumzuia.