Mteja akiomba breli, uliza maswali manne kabla ya kusema sawa

Kuagiza breli bila vipimo ni kama kuagiza viatu bila namba. Mteja asiyeona anaomba mkataba wake kwa breli, yaani maandishi ya nukta nundu yanayosomwa kwa vidole, karani anajibu hakuna shida, faili inapelekwa kwa mchapaji, na baada ya siku kadhaa mteja anapokea bunda la karatasi asiloweza kulisoma. Karatasi ni nzuri na nukta zimesimama vizuri, ila zimeandikwa kwa ufupisho ambao hakuwahi kufundishwa. Gharama imeshaingia, na yeye bado hajui kilichomo kwenye mkataba wake mwenyewe.

Kwa hiyo uliza: unasoma breli ya herufi kwa herufi au iliyofupishwa? Kwa lugha gani? Unataka karatasi, au unatumia kifaa? Na ni nyaraka zipi hasa unazotaka kwa njia hiyo? Swali la mwisho husahaulika sana. Mtu yuleyule anaweza kutaka mkataba kwa breli ya karatasi, kwa sababu atauhifadhi na kuurudia, lakini taarifa ya kila mwezi akaridhika nayo kwa barua pepe. Majibu yaandikwe kwenye rekodi yake mara moja, ili asiulizwe upya kila anapopiga simu.

Usidhani pia kwamba kila asiyeona anasoma nukta nundu. Aliyepoteza uoni ukubwani huenda hakupata nafasi ya kujifunza, na mtu aliyeishi na kisukari muda mrefu vidole vyake vinaweza kupungukiwa hisi kiasi cha kushindwa kutofautisha nukta. Hao wahudumie kwa sauti au faili ya kompyuta. Kinyume chake, kwa asiyeona ambaye pia hasikii, sauti haina maana yoyote, na breli si jambo la hiari.

Daraja na lugha

Seli moja ya breli, yaani nafasi ya alama moja, ina nukta sita, safu mbili za nukta tatu tatu: ya kushoto ni nukta 1 hadi 3 kutoka juu kwenda chini, ya kulia ni 4 hadi 6. Hizo zinatoa alama 63 tu, ukiacha nafasi tupu, kwa hiyo alama moja hubeba kazi zaidi ya moja. Daraja la kwanza huandika herufi kwa herufi. Daraja la pili lina ufupisho: kundi la herufi, au neno zima, linawakilishwa na alama moja au mbili. Wasomaji wazoefu hulipenda kwa sababu ni la haraka na linapunguza karatasi, ila ufupisho ni wa lugha husika.

Hapo ndipo makosa mengi yanapotokea. Programu ya kugeuza maandishi kuwa breli ikiachwa kwenye jedwali (orodha ya kanuni za ugeuzaji) la Kiingereza kilichofupishwa, itayakata maneno ya Kiswahili kana kwamba ni ya Kiingereza. Chukua neno “thelathini”. Lina herufi kumi, lakini kwa jedwali hilo linatoka seli sita: alama moja ya “the”, kisha l, a, alama ya “th”, alama ya “in”, halafu i. Anayejua ufupisho wa Kiingereza ataligundua neno kwa kubahatisha, na asiyeujua hataambulia kitu. Kama huna uhakika na mteja na huwezi kumpata, andika herufi kwa herufi. Msomaji wa daraja la pili atalisoma la kwanza, ingawa atanung'unika. Wa daraja la kwanza hawezi kufanya kinyume chake.

Tarakimu

Breli haina tarakimu zake. Herufi a mpaka j hutumika kama 1 mpaka 0, zikitanguliwa na alama ya namba, yaani nukta 3, 4, 5 na 6. Alama hiyo ikikosekana, 123 inasomeka abc. Na herufi ndogo kati ya a na j ikifuata namba moja kwa moja, lazima itenganishwe kwa alama yake. Bila hivyo nyumba 4b itakuwa nyumba 42. Programu nyingi huliweka hili sawa zenyewe, lakini anayeandika kwa mkono kwa mashine ya Perkins au kwa kibao na kalamu ya kuchoma hulisahau kirahisi.

Sasa angalia tarehe. Kwa kanuni za UEB, zilizokubaliwa kimataifa kwa breli ya Kiingereza mwaka 2004, mkwaju hukatisha namba, kwa hiyo alama ya namba lazima irudiwe baada yake, na mkwaju wenyewe unakula seli mbili. Ukiandika 12/03/2025 unatumia seli 15. Ukiandika 12-03-2025 ni seli 13. Ukiandika 12.03.2025 ni 11, maana nukta haikatishi namba. Mtu anayesoma kwa macho haoni tofauti yoyote ya maana hapo. Kwenye mstari wa breli wenye seli 30 hivi, tofauti ya seli nne ni kubwa.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoua majedwali. Taarifa ya akaunti yenye safu tano haiingii. Tarehe seli 11, nafasi mbili, kiasi kama 1,250,000.00 seli 13, na mstari umekwisha kabla hujaweka maelezo wala salio. Wachapaji wengine hubana kwa kuligeuza jedwali likalala au kwa kulikata vipande kurasa mbili. Msomaji wa vidole hawezi kutupa jicho kurasa mbili kwa pamoja, kwa hiyo huo ni usumbufu mtupu. Livunje jedwali: kila muamala uwe aya yake, tarehe kwanza, kisha maelezo, kisha kiasi na salio kwenye mstari wa pili ulioingizwa ndani seli mbili. Mpangilio uwe uleule kutoka muamala wa kwanza hadi wa mwisho, ili kidole kijue mapema kitakutana na nini.

Karatasi na mashine

Vipimo vya kawaida ni takriban milimita 2.5 kati ya nukta na nukta ndani ya seli, 6 kati ya seli na seli, na 10 kati ya mstari na mstari, huku nukta ikiinuka karibu nusu milimita. Kwa karatasi ya A4, ukitoa pambizo, unapata seli 28 hadi 32 kwa mstari na mistari 25 hadi 27. Ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida hutoa kurasa mbili mpaka tatu za breli, wakati mwingine zaidi.

Karatasi ya ofisini ya gramu 80 haifai. Nukta hutoboka wakati wa kuchapa, na zilizobaki hulala baada ya kusomwa mara chache. Chukua ya gramu 120 hadi 160. Mkataba wa kurasa 20 ukizaa kurasa 60 za breli upande mmoja, kwa karatasi ya gramu 160 bunda lina uzito wa gramu 600 hivi. Ukichapa pande zote mbili, nukta za nyuma zikipishana na za mbele, uzito unashuka nusu. Jalada likizidi karatasi 80, ligawe.

Mashine nayo ina ugonjwa wake. Pini moja ikigoma, herufi hazipotei, bali zinageuka kuwa nyingine. Namba 6 ni nukta 1, 2 na 4. Nukta ya 2 ikikosekana inabaki 1 na 4, na hiyo ni 3. Namba 7 kwa kosa hilohilo inakuwa 4. Ukurasa utaonekana safi kabisa kwa macho, na riba ya asilimia 6 itasomeka asilimia 3. Kabla ya kila kazi chapa mstari mmoja wa seli zilizojaa nukta zote sita, kisha uupitishie kidole.

Anayetumia kifaa

Kwa mwenye kifaa cha breli chenye pini zinazopanda na kushuka, wengi hukimbilia kutuma faili ya BRF, yaani faili iliyokwisha kugeuzwa kuwa breli. Faili hiyo mistari yake imekatwa tayari. Iliyotengenezwa kwa seli 40 ikifunguliwa kwenye kifaa cha seli 32, kila mstari unaacha mkia wa seli nane, na msomaji anabonyeza mara mbili kwa kila mstari, kurasa nzima. Hatari nyingine ni karani anayeifungua kwa programu ya kawaida, akaona `,JUMA #AB`, akadhani imeharibika na kuanza kuisahihisha. Haijaharibika. Hapo pameandikwa Juma 12.

Maoni yetu ni kwamba mara nyingi BRF haihitajiki. Mtumie hati ya Word iliyopangwa vizuri. Kisoma skrini chake, yaani programu inayosoma kilichopo kwenye skrini kwa sauti au breli, kitaigeuza kuwa breli papo hapo, kwa daraja alilochagua yeye na kwa urefu wa kifaa chake. BRF iwe kwa mwenye kifaa cha kusomea peke yake bila kompyuta wala simu, na muulize kwanza kina seli ngapi.

Hati ya asili

Yote hayo huanzia kwenye hati moja, iwe inakwenda kwa mchapaji au kwa kisoma skrini. Vichwa vya habari viwekwe kwa mtindo wa "Heading 1", "Heading 2" na kuendelea. Kukoleza wino na kukuza herufi hakutoshi. Mtumiaji wa NVDA, mojawapo ya visoma skrini, hubonyeza H kurukia kichwa kinachofuata. Kichwa kilichopakwa wino tu hakionekani, na mkataba wa vifungu 40 unageuka kuwa aya moja ndefu. Jedwali liwe na mstari wa kichwa uliotambulishwa na lisiwe na seli zilizounganishwa. Lugha ya hati iwekwe Kiswahili, la sivyo sauti itatamka maneno kwa lafudhi ya Kiingereza mpaka yasieleweke. Maelekezo ya aina ya “jaza sehemu zenye rangi nyekundu” yaandikwe upya kwa kutaja jina la sehemu.

Ukitengeneza PDF, tumia amri ya kuhifadhi au kusafirisha na uruhusu vitambulisho vya muundo. Usipitie amri ya kuchapa, maana ile huacha muundo wote nyuma. Na usimtumie mtu picha ya karatasi iliyoskaniwa. Jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya: usipoweza, hiyo ni picha na kisoma skrini kitakaa kimya. Ukifunga faili kwa nywila, hakikisha ruhusa ya visoma skrini kufikia maandishi imebaki wazi, kwa sababu wapo wanaozuia kunakili na bila kujua wanamzuia mteja kusoma. Kisha zima kioo, washa NVDA, ambayo ni ya bure, na usikilize hati nzima.

Kwa mwenye uoni hafifu, anza na herufi za pointi 18, zisizo na mikia (sans serif), na uwiano wa rangi usiopungua 4.5 kwa 1. Kukuza A4 kuwa A3 kwenye fotokopi ni uvivu. Karatasi inamshinda kushika, na herufi zilizofifia zinabaki zimefifia.

Kabla ya kutuma

Ndani ya breli weka pia namba za kurasa za nakala ya kawaida, ili karani akisema kwenye simu “tazama ukurasa wa saba” mteja apafikie. Mstari wa kwanza kabisa utaje aina ya hati na tarehe kwa breli, na nje ya jalada uandike hivyohivyo kwa wino, kwa faida ya wanaolipokea. Usikunje na usibane kwa kamba. Tumia bahasha ngumu au sanduku lililojaa barabara, maana karatasi zikicheza ndani nukta husuguana. Karani wa posta akumbushwe kuwa mkataba wa kimataifa wa posta unavisamehe vifaa vya wasioona ada ya kawaida, ingawa ada ya ndege inaweza kutozwa.

Mwisho kabisa, msomaji wa breli aipitie nakala iliyokwisha kuchapwa, si faili, mwenzake akifuatilia nakala ya wino. Kwenye majina na aya asome kwa kasi yake. Akifika kwenye kiasi, tarehe, namba ya akaunti na asilimia, atamke tarakimu moja moja, na mwenzake asiweke alama ya tiki mpaka asikie zote.